Kutoka kinundu hadi jibu: mwongozo wa kuepuka ucheleweshaji katika uchunguzi wa saratani ya matiti, kwa wakazi wa Tanga

Mwanamke anapogusa kinundu kwenye titi lake wakati anaoga, ugonjwa, kama kweli ni ugonjwa, umeshakaa humo kwa muda mrefu bila kubisha hodi. Muda huo hauwezi kurudishwa. Unaoweza kufupishwa ni ule unaofuata, yaani tangu siku ya kugusa hadi siku ya kupata jibu kamili. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya matiti mwaka 2021 liliweka kipimo kilicho wazi: tangu mgonjwa afike kituo cha afya kwa mara ya kwanza hadi uchunguzi wake ukamilike, zisizidi siku 60. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa Uingereza mwaka 1999 ulikuwa umeshaonyesha kwamba wanawake walioanza matibabu miezi 3 hadi 6 baada ya dalili ya kwanza walikuwa na nafasi ndogo ya kuwa hai miaka 5 baadaye kuliko walioanza ndani ya miezi 3.

Naandika haya baada ya kumsindikiza mama yangu mdogo, mkazi wa Mwanzange, katika safari hiyo. Ilituchukua miezi 9. Nilipokaa baadaye kuhesabu, nilikuta kwamba vipimo vyote alivyofanyiwa, ukivijumlisha, havikufika hata saa 3. Muda mwingine wote ulipotelea kati ya mlango mmoja na mwingine, pale ambapo kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayefuatilia. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu zaidi milango hiyo kuliko mashine.

Kwanza, jua uko kwenye foleni ipi

Neno "uchunguzi" hubeba mambo mawili yasiyofanana. Upo uchunguzi wa mwanamke asiye na dalili yoyote, unaofanywa kwa nia ya kuukuta ugonjwa kabla haujaweza kuguswa kwa mkono. Na upo uchunguzi wa mwanamke ambaye tayari ameona au amegusa kitu: kinundu kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au iliyokwaruza kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, majimaji au damu inayotoka yenyewe kwenye chuchu moja, kidonda cha chuchu kisichopona, au titi moja lililobadilika umbo au rangi. Wanaume nao hupata saratani hii, ingawa ni wachache sana, hawafiki mmoja katika kila wagonjwa 100, na mwanamume mwenye kinundu nyuma ya chuchu afuate njia hii hii.

Ucheleweshaji wa kwanza hutokea pale mwenye dalili anapojipanga kwenye foleni ya wasio na dalili. Amesikia kwamba Oktoba, mwezi wa saratani ya matiti, kutakuwa na upimaji wa bure uwanjani, basi anasubiri Oktoba. Kama amegusa kinundu mwezi wa Mei, hiyo ni miezi 5 aliyoitoa bure. Mwenye dalili aende kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Kinachoweza kusubiri kidogo ni uvimbe wa binti mwenye umri mdogo unaokuja na kuondoka pamoja na siku zake. Huyo anaweza kusubiri mzunguko mmoja wa hedhi aone kama umeondoka, na usipoondoka aende.

Kwa asiye na dalili, nitasema ninavyoona, hata kama si maneno ya kufurahisha. Uingereza huwaita wanawake kwa mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti, kila baada ya miaka 3 kuanzia miaka 50 hadi 71, na Marekani, kwa ushauri uliotolewa mwaka 2024, ni kila baada ya miaka 2 kuanzia miaka 40 hadi 74. Nchi hizo zina mtu wa kutuma barua ya wito, mtu wa kusoma picha, na mtu wa kumpigia simu mwanamke ambaye picha yake imetia shaka. Pasipo na hao, picha moja iliyopigwa mara moja maishani ina faida ndogo. Mwanamke wa Pangani au Mkinga mwenye fedha kidogo atapata manufaa zaidi akichunguzwa matiti kwa mikono na muuguzi au tabibu aliyefunzwa, kwa vipindi vinavyojulikana, na akajua pa kukimbilia kikionekana kitu. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa tangu mwaka 1998 kwa muda wa miaka 20, nusu yao wakichunguzwa kwa mikono na wahudumu wa afya waliofunzwa kila baada ya miaka 2. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani ya matiti vilipungua kwa karibu asilimia 30, ingawa kwa walio chini ya umri huo nafuu haikuonekana. Anayepaswa kuanza mapema kwa picha ni yule ambaye mama yake, dada yake au binti yake ameugua, hasa kama aliugua kabla ya kufika miaka 50. Huyo amweleze daktari habari za ukoo wake bila kuona haya, upande wa mama na upande wa baba pia.

Daftari la shilingi chache

Kabla ya kutoka nyumbani nunua daftari dogo la shule. Ukurasa wa kwanza andika tarehe uliyogusa kinundu, titi gani, upande gani wa titi, na ukubwa wake kwa kitu unachokijua. Mama mdogo alisema punje ya kunde. Miezi 3 baadaye alisema kokwa la tende. Ilipofika zamu ya daktari wa upasuaji ilikuwa ndimu. Maneno hayo matatu yangeandikwa na tarehe zake, daktari yeyote angeelewa mara moja kwamba kitu kinakua. Kwa kuwa hayakuandikwa, kila tulipofika mahali papya tulianza upya, na kila aliyemwona alidhani yuko mwanzoni mwa safari.

Kuanzia hapo, kila unapotoka chumba cha daktari, maabara au dirisha la malipo, andika mambo manne: tarehe, cheo cha aliyekuhudumia, alichosema kifanyike, na siku ya kurudi. Ikiwa siku ya kurudi haikutajwa, geuka urudi ukaiulize kabla hujaondoka. Jibu la "tutakupigia" liandike pia, kisha uweke siku yako mwenyewe ya kwenda kuuliza, isiyozidi wiki mbili. Simu huibiwa, laini hubadilishwa, na namba iliyoandikwa kwa haraka hukosa tarakimu moja.

Zahanati: sema titi, usiseme kifua

Hapa kuna jambo ambalo sijaliona likiandikwa popote, nalo nimelisikia kwa masikio yangu kwenye benchi la zahanati. Wanawake wetu wa pwani wana adabu ya maneno. Mbele ya tabibu wa kiume, tena kijana wa umri wa mwanawe, mama mtu mzima hawezi kutamka "titi" wala "ziwa", basi anasema "kifua kinanisumbua". Tabibu anasikia kifua, anauliza kikohozi, anaweka kipimo cha kusikilizia mgongoni, na mama anatoka na dawa ya mapafu yasiyoumwa. Hakuna aliyemkosea mwenzake, lakini mwezi umekwenda.

Sema hivi, hata kama umeandika kwenye karatasi ukampa asome: "Daktari, nimegusa kinundu kwenye titi la kushoto tangu tarehe fulani, naomba unichunguze kwa mikono." Kama unaona haya, omba muuguzi wa kike awepo, au umwombe yeye ndiye akuchunguze, ombi hilo ni la kawaida. Uchunguzi unaostahili kuitwa uchunguzi hupita matiti yote mawili, makwapa yote mawili na juu ya mtulinga, mgonjwa akiwa amekaa na kisha amelala. Aliyesikilizwa tu akiwa amevaa nguo zake zote hajachunguzwa.

Usidanganyike na kutouma. Kinundu cha saratani katika hatua za mwanzo mara nyingi hakiumi, na ndiyo maana watu hukiacha. Wengi huamini kwamba ugonjwa wa kweli lazima uume. Vilevile mama anayenyonyesha yuko kwenye hatari ya pekee ya kucheleweshwa, kwa sababu kila uvimbe wake huitwa maziwa yaliyoganda au jipu. Ni kweli kwamba mara nyingi huwa hivyo. Lakini titi lililovimba na kuwa jekundu likitibiwa kwa dawa za kuua bakteria kwa siku 7 hadi 14 bila kurudi katika hali yake, dozi ya pili au ya tatu ya aina ile ile haitoshi: sasa inatakiwa ultrasaundi na, kama shaka ipo, kuchukuliwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya titi cha kupimwa maabara. Kunyonyesha hakuzuii vipimo hivyo.

Ukitoka zahanati omba barua ya rufaa iliyoandikwa ulichoonekana nacho, si neno "rufaa" peke yake. Barua inayosema "kinundu kigumu, sentimita 2, titi la kushoto, upande wa juu wa nje, kwapa lina tezi" hufungua milango haraka kuliko inayosema "maumivu ya titi". Kwa kawaida njia hupita kituo cha afya na hospitali ya wilaya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na kutoka hapo kwenda hospitali kubwa zaidi inapohitajika.

Siku ya picha

Si kila mwenye kinundu anaanza na mamografia. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 30, na mara nyingi hata kwa aliye chini ya miaka 40, daktari huanza na ultrasaundi, kwa sababu titi la umri huo lina nyama nzito inayoonekana nyeupe kwenye picha ya eksirei, na uvimbe nao huonekana mweupe. Kutafuta cheupe ndani ya cheupe ni kama kutafuta chumvi ndani ya unga. Ultrasaundi hutofautisha pia mfuko wa maji na uvimbe wa nyama. Kwa wenye umri mkubwa zaidi, vipimo vyote viwili hukamilishana. Kwa hiyo usikae nyumbani ukingoja fedha za mamografia ikiwa ultrasaundi ipo karibu na daktari amesema inafaa kuanzia hapo.

Kabla ya kufunga safari piga simu kituo unachokwenda na uulize maswali matatu: je, mashine inafanya kazi wiki hii, je, yupo mtaalamu wa radiolojia wa kusoma picha, na majibu hutoka baada ya siku ngapi. Swali la pili ndilo ambalo watu husahau. Mashine nzima isiyo na msomaji huzaa picha zinazolala kwenye kompyuta kwa wiki kadhaa.

Maandalizi ni machache, ila yanawahusu sana wanawake wa kwetu. Siku hiyo usipake poda, mafuta, marashi wala dawa ya kuzuia jasho kifuani na kwapani, kwa sababu chembe zake huweza kuonekana kwenye picha kama madoadoa ya chokaa, na madoadoa ya chokaa ni mojawapo ya alama ambazo msomaji anazitafuta. Udi ufukizie nguo siku nyingine. Vaa blauzi na sketi au kanga mbili badala ya gauni, uweze kuvua juu tu. Kama bado unapata hedhi, wiki inayofuata baada ya siku zako ndiyo nzuri, maana titi haliumi sana. Ila mwenye kinundu asiahirishe kwa ajili hiyo.

Ndani, mpiga picha atalaza titi juu ya kibao na kulibana kwa kibao kingine kwa sekunde chache, mara mbili kila titi, kutoka juu na kwa mshazari. Kunabana, na wengine huumia, lakini kubana huko ndiko kunakotandaza nyama ili kisichoonekana kionekane kwa mionzi kidogo. Mionzi yenyewe ni sawa na ile ambayo mtu yeyote huipata kutoka ardhini na angani kwa takribani wiki 7 za maisha ya kawaida. Mwonyeshe mpiga picha mahali hasa ulipogusa kinundu. Ukinyamaza, anapiga picha ya kawaida. Ukisema, anaweza kuweka alama juu ya ngozi na kuongeza picha ya sehemu hiyo.

Kusoma kilichomo ndani ya bahasha

Sasa tumefika mahali ambapo sisi tulipoteza miezi 5, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mama mdogo alipigwa mamografia katika kituo kimoja nje ya mkoa, alipokwenda kumtembelea binti yake. Alipewa bahasha kubwa ya kaki, na aliyemkabidhi dirishani akamwambia kwa nia njema, "Mama, hakuna saratani iliyoonekana." Akashukuru Mungu, akarudi Tanga, akaiweka bahasha chini ya godoro pamoja na hati ya kiwanja. Nilipokuja kuifungua mimi, mwishoni mwa ukurasa wa pili kulikuwa na mstari mmoja: BI-RADS 0, ikishauriwa ultrasaundi. Sifuri ile alidhani maana yake ni hakuna kitu. Maana yake ni kwamba uchunguzi haujakamilika.

BI-RADS ni utaratibu wa namba ambao wasomaji wa picha za matiti hutumia karibu kila mahali. Itafute kwenye karatasi yako, kwa kawaida iko mwishoni, kwenye hitimisho. Namba 0 inataka kipimo kingine au picha za zamani za kulinganisha, na inataka hivyo sasa, wala haina uhusiano na kurudi mwakani. Namba 1 ni titi lisiloonyesha tatizo, na 2 ni kitu kilichoonekana ambacho kwa hakika si saratani, kama mfuko wa maji. Namba 3 ni kitu ambacho uwezekano wake wa kuwa saratani hauzidi asilimia 2; hapo hupangwa picha nyingine baada ya miezi 6, na miezi 6 hiyo ina tarehe yake, iandike kwenye daftari na umwambie mtu mwingine nyumbani aijue. Namba 4 inatia shaka na inahitaji kinyama, ingawa shaka yenyewe ni pana mno, kuanzia asilimia 2 hadi 95, na ndiyo maana wasomaji wengi huigawa kwa herufi A, B na C. Namba 5 ni zaidi ya asilimia 95. Namba 6 huandikwa kwa mtu ambaye saratani yake imeshathibitishwa maabara.

Lipo kosa lingine kubwa kuliko la sifuri. Mwanamke ana kinundu kinachoguswa, mamografia imetoka namba 1, na anaambiwa aende nyumbani. Mamografia hukosa takribani saratani moja katika kila 8, na hukosa zaidi kwenye matiti yenye nyama nzito. Picha safi haikifuti kinundu ambacho vidole vinakigusa. Madaktari wa matiti hutumia kanuni ya mafiga matatu: mikono, picha na kinyama. Figa moja likipingana na mengine, chungu hakijakaa, na uchunguzi unaendelea. Ukiambiwa picha ni safi nawe bado unagusa kitu, uliza hivi, kwa heshima na bila kuinua sauti: "Nimeshukuru, daktari. Lakini hiki ninachokigusa hapa ni nini, na tutakijuaje?" Swali hilo halimdharau mtu. Linamrudisha kwenye figa la tatu.

Chukua nakala ya kila kitu: karatasi ya majibu na picha zenyewe, ziwe kwenye filamu au kwenye CD. Karatasi peke yake humlazimisha daktari wa mbele kuamini macho ya mwenzake, na asipoamini anakuagiza upige upya, nawe unalipa upya na kusubiri upya.

Kinyama na kopo lake

Hakuna picha inayothibitisha saratani. Inayothibitisha ni darubini, na darubini inahitaji kipande cha nyama. Njia inayopendelewa ni sindano nene inayochukua vipande vyembamba kama uzi baada ya ganzi. Sindano nyembamba inayonyonya chembechembe husaidia kwa haraka, lakini haitoi habari zote za kuamulia dawa. Kazi yenyewe huchukua dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile.

Mtaani utaambiwa kwamba chuma kikigusa uvimbe kinauamsha. Wanaosema hivyo wameona kitu cha kweli wakakipa sababu isiyo yake: wameona watu waliochukuliwa kinyama wakafa, kwa sababu walichukuliwa wakiwa wameshachelewa. Sindano haiugeuzi uvimbe wa kawaida kuwa saratani, na aliyechukuliwa kinyama mapema haishi muda mfupi kwa sababu ya sindano hiyo.

Jambo la kusimamia kwa nguvu ni hili: kila kinachotolewa mwilini kiende maabara. Kuna watu waliofanyiwa upasuaji mdogo, kinundu kikatolewa, wakaambiwa kilikuwa mafuta tu, na nyama ikatupwa. Uvimbe uliporudi hapakuwa na cha kurejea. Vivyo hivyo usikubali titi zima liondolewe kwa kukisia kabla ya jibu la kinyama kutoka, kwa kuwa kwa wagonjwa wengine matibabu sahihi huanza na dawa na upasuaji hufuata.

Mara nyingine ndugu ndiye anayekabidhiwa kopo alipeleke maabara. Nimelibeba mwenyewe. Lilikuwa kopo dogo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, ndani yake maji meupe yenye harufu kali ya kuchoma pua, na vipande vitano vilivyozama chini kama nyuzi za mihogo. Maji yale ni formalini ya asilimia 10. Vipande hutakiwa kuzamishwa humo ndani ya saa moja tangu vitoke mwilini, na maji yawe mengi, angalau mara kumi ya nyama yenyewe. Vikiwekwa kwenye maji ya chumvi au maji ya kawaida vinaanza kuoza, na darubini haitasoma kitu. Hakikisha kopo limeandikwa ubavuni, si kwenye kifuniko kinachoweza kubadilishana na kingine, jina lote, titi la kushoto au la kulia, tarehe na saa. Fomu ya maabara iweke kwenye mfuko wake peke yake isilowe. Usiligandishe kwenye friji ya barafu, usiliache juani mbele ya kioo cha gari, na ulifikishe siku hiyo hiyo au inayofuata, maana nyama ikikaa kwenye formalini kupita saa 72, baadhi ya vipimo vinavyofuata huharibika.

Vipimo hivyo vinavyofuata ni vya vipokezi (sehemu za chembe ya saratani zinazopokea homoni au ishara ya kukua), vinavyoandikwa ER, PR na HER2. Jibu la "ni saratani" halijakamilika bila hivyo, kwa kuwa ndivyo vinavyoamua kama mgonjwa atafaidika na vidonge vya homoni kama tamoksifeni, au na dawa za kulenga HER2. Uliza siku unayopeleka kopo kama vimeagizwa pamoja au vitahitaji ombi na malipo ya pili. Sisi tuliuliza baada ya jibu la kwanza kutoka, na hapo zikaongezeka wiki 4.

Nyumbani, wakati wa kusubiri

Wiki za kusubiri ndizo wiki za ushauri wa watu. Atakuja wa kombe, atakuja wa mizizi, na shemeji wa Handeni atapiga simu kusema yupo mtu aliyepona kwa mafuta fulani. Sikushauri ugombane nao. Mwenye kutaka kusomewa dua asomewe, lakini kisibandikwe wala kuchanjwa kitu chochote kwenye titi, na tarehe iliyo kwenye daftari isisogezwe kwa ajili ya mtu yeyote. Mume ashirikishwe mapema, ikiwezekana aingie chumba cha daktari asikie mwenyewe. Mwanamke anayesafirisha maneno ya daktari hadi nyumbani huyafikisha yakiwa yamepungua, nusu kwa hofu na nusu kwa kumhurumia mume. Kungwi au somo wa mtaa naye ni mtu wa maana kuliko mabango, kwa kuwa mbele yake titi hutajwa kwa jina lake.

Rufaa ya kutoka Tanga

Jibu likiwa ni saratani, hatua inayofuata ni kujua imefika wapi na kupanga matibabu na daktari wa saratani. Kutoka stendi ya Kange basi likifika Segera njia hugawanyika: upande mmoja Dar es Salaam, iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road pamoja na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na upande mwingine Moshi, iliko hospitali ya KCMC. Fuata barua yako inakoelekeza, lakini ukiwa na ndugu wa kukulaza upande mmoja mwambie daktari kabla hajaandika, kwa sababu matibabu ya saratani ni ya kurudi mara nyingi, na mgonjwa asiye na pa kulala huacha katikati.

Watu wa kwetu wana msemo, waja leo waondoka leo. Kwa rufaa hii usiupange hivyo. Weka akiba ya siku 5 hadi 7 kwa safari ya kwanza, kwani kufungua faili, kumwona daktari na kufanya vipimo vya damu, kifua na ini mara nyingi haviishi kwa siku moja. Mkoba uwe na barua ya rufaa, kitambulisho, kadi ya bima kama ipo, picha na majibu yote ya asili pamoja na nakala zake, jibu la patholojia (la kinyama), daftari, na dawa nyingine unazotumia, za presha au sukari. Vipande vya kinyama vilivyobaki maabara, vilivyohifadhiwa ndani ya nta, ni mali ya matibabu yako pia: uliza maabara iliyosoma kama inaweza kuviazimisha, ili hospitali kubwa ikitaka kurudia kipimo isikuchome sindano upya.

Kuhusu fedha, usingoje ziishe ndipo useme. Kila hospitali ya rufaa ina ofisa wa ustawi wa jamii, na utaratibu wa msamaha kwa asiye na uwezo hupitia kwake. Barua ya serikali ya mtaa wako inayoeleza hali yako humrahisishia kazi, na barua hiyo ni ya kuomba kabla ya kusafiri, si kwa simu ukiwa umekaa kwenye korido za Dar es Salaam. Mwenye bima aulize mapema ni vipimo na dawa zipi kadi yake inazilipia na zipi zinahitaji kibali.

Na kwa anayesoma haya akiwa ameshachelewa mwaka mzima, mwenye kidonda ambacho amekuwa akikifunika kwa kanga: mlango wa kuanzia ni ule ule wa zahanati, na maneno ya kusema ni yale yale. Saratani iliyokwenda mbali nayo ina matibabu ya kuirudisha nyuma kwa muda, kukausha kidonda, kuondoa harufu na kupunguza maumivu, na hakuna anayestahili kukosa hayo kwa kuogopa kukaripiwa kwamba alikuwa wapi siku zote.

Baada ya matibabu, mamografia hurudi tena, safari hii kila mwaka, kwa titi lililobaki au kwa yote mawili kama halikuondolewa. Nenda na picha za miaka iliyopita kila mara, kwani msomaji huona mabadiliko madogo kwa kulinganisha. Za mama mdogo sasa ziko ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, zimesimamishwa wima mbali na joto, kila moja na mwaka wake umeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Chini ya godoro imebaki hati ya kiwanja peke yake.